Baka Jeupe na Sabuni Yangu

Sabuni ninayoipika kwa mawese inafua nguo za Kasulu nzima, na sitanii. Niliishia darasa la nne, lakini leo nina mapipa sita na lori. Basi lilipotokea baka jeupe kwenye ngozi ya mbele ya uume wangu, linawasha, ngozi imekaza hata kuivuta nyuma ni maumivu, sikumuuliza mtu. Nilikata kipande cha sabuni yangu, nikawa naosha asubuhi na jioni. Ilichoma vibaya. Nikasema vizuri, inafanya kazi.

Miezi minne nikawa nalala stoo, namwambia mke wangu nalinda mzigo. Kweli yenyewe, niliogopa ni ugonjwa wa zinaa, na sijawahi kutoka nje ya ndoa. Nani angeniamini? Mwishowe akaniambia, "Huyo mwanamke wako mlete nimwone. Usipomleta, Jumamosi narudi kwetu."

Alhamisi alfajiri nikapanda gari kwenda hospitali Kibondo, nisikojulikana. Kumbe jina langu lilishatangulia. Sijakaa sawasawa kwenye benchi, mama mmoja akapaza sauti kunisalimia kwa Kiha, "Mwakeye! Si mzee wa sabuni huyu? Sabuni yako inatakatisha, ila mikono inababuka!" Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, nimebana miguu.

Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu. Nikashika tena kitasa cha mlango, nitoke.

"Kaa, baba. Nimeona nyingi, yako haitanishtua." Akavaa glavu, akaangalia bila haraka. "Unapaka nini hapa?"

"Sabuni yangu mwenyewe. Haina mpinzani mkoa huu!"

"Ina kostiki?"

"Kali kabisa."

"Hiyo ni ya kufulia magunia, baba."

Akaniambia si ugonjwa wa zinaa, hakuna aliyeniambukiza, wala simwambukizi mke wangu. Ni ugonjwa wa ngozi, na mimi nimeuzidisha kwa kuiunguza ngozi na sabuni. Akanipa krimu ya kupaka kidogo, nioshe kwa maji matupu, nirudi baada ya wiki nne. Ngozi isipolegea nitatahiriwa. Na nikiona kidonda hakiponi nisikifiche, maana kinaweza kuwa saratani.

Saa tisa mchana nilikuwa nyumbani. Nilimkuta mke wangu anakunja kanga zake kwenye begi. Nikamweleza yote, nimesimama kama mtu aliyeitwa barazani.

"Onyesha," akasema.

Mimi ninayepiga kelele sokoni bila kipaza sauti, nikaona aibu kuliko hospitalini. Nikafungua. Akainama, akaangalia muda mrefu mpaka nikadhani hajaniamini.

"Unaumia hivi miezi minne, umenyamaza tu?"

"Nilidhani utaondoka."

"Si ndiyo nilikuwa naondoka!" Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda kufunga mlango. "Haya, hiyo krimu iko wapi?"