Shimo la Tano

Usimwambie Evarista kwamba kuponda kokoto ni kazi kama kazi nyingine. Atakutukana kwa Kirundi, kisha akurudie kwa Kiswahili. Mwaka wa sita huu anaponda, yeye na mumewe Kasian, kwenye machimbo ya mawe nyuma ya Ubena, tangu watoke Burundi. Vibali vyao kavifungia kabatini msimamizi, Mwishehe, eti visije vikapotea. Ukilalamika, anakuuliza kama umechoka kukaa Tanzania.

Kazi yenyewe ni ya kugombania. Baruti ikishapasua mwamba, kila mtu hukimbilia mawe madogo, maana mwenye madogo hujaza lori mapema, na asiyejaza hali. Ukiwahi, unatandika shati lako juu ya rundo, likawa lako. Kwa mashati hayo watu wameng'oana meno! Lakini sharti moja hakuna alivunjaye: yakitegwa mashimo matano, lazima isikike milio mitano. Ukisikia minne, hapasogelewi mpaka kesho.

Alhamisi hiyo yalitegwa matano. Evarista, kajikunyata nyuma ya jabali, akahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne. Kidole gumba kikabaki. Vumbi halijatua, Mwishehe akapuliza filimbi ya kurudi kazini. Malori yalikuwa yanangoja, na tajiri mwenye machimbo kampigia simu mara tatu.

"Bado moja!" Evarista akapiga kelele.

"Mbili zimelia pamoja! Twendeni, wavivu nyie!" akafoka Mwishehe.

Watu wakatoka mbio, Kasian akiwa na shati mkononi. Evarista akamdaka kiunoni.

"Niache, mwanamke! Watatuwahi tena!"

Akamng'ang'ania mguu, akala teke la mdomo, damu ikamjaa. Jamani, angefanya nini? Alinyanyua nyundo akaishusha kwenye muundi wa mumewe. Mfupa ukavunjika kama kuni kavu.

Kasian akamlaani, yeye na mama yake aliyemzaa. Alikuwa bado analaani shimo la tano lilipolipuka.

Mawe yalinyesha. Emmanueli, jirani yao, alikuwa keshatandika shati lake. Lilipatikana shati, yeye hakupatikana mzima. Wengine wawili walikufa wakiomba maji.

Polisi walipofika, Mwishehe alikuwa keshanawa uso. "Waliokufa siwajui, afande. Wageni tu, wameingia kuiba mawe. Ila yule mwanamke nimemwona kwa macho yangu akimvunja mumewe mguu."

Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Uongo! Mshenzi yule alimjua vizuri sana.

Nyundo ilikuwepo, mguu ulikuwepo, basi Evarista akatiwa pingu. Kasian akajikokota kwa viwiko mpaka kwenye gari la polisi, analia kama mtoto.

"Afande, mguu ni wangu! Mke wangu kaniokoa!"

Afande akamtazama. "Na wewe, kibali chako kiko wapi?"

Kasian akanyoosha kidole kwa Mwishehe. Mwishehe akatikisa kichwa.

"Huyo naye simjui."