Nilikuwa salama nyuma ya ukuta, mdomo ukaniponza: mbuzi wa ubatizo alivyoenda Sigino

Wakuu, habari za jioni. Hili limenikuta mwenyewe hapa Babati, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina duka Maisaka. Na nacheza game la vita kwenye simu. Ndiyo, mama wa duka! Mnaocheka chekeni mmalize.

Vijana wa mjini wakaandaa mashindano, mshindi anachukua mbuzi. Mtoto wangu wa pili alikuwa anabatizwa Jumapili ile, na mimi kwa kiherehere nikamwambia mama mkwe: mbuzi usitafute, yupo.

Staili yangu ni moja. Sikimbizani na mtu. Nabana nyuma ya ukuta, sitoi hata pua, nazungusha kamera kwa kidole tu. Kamera ya game inakaa juu ya kisogo cha askari wangu, kwa hiyo mimi namwona adui, yeye anaona ukuta. Raha iliyoje!

Fainali nikacheza nikiwa kaunta. Tumebaki wawili, mimi na fundi pikipiki mmoja wa Sigino. Namwona anazunguka nyumba, hajui niko wapi. Nasubiri asogee kidogo nimmalize.

Mara nasikia, "Hodi!"

Nikajibu fasta, "Karibuuu, nakusikiliza!"

Dukani hakuna mtu.

Ni yule fundi, kapiga hodi kwenye mic! Na yangu iko on. Jamani, kwa malezi ya huku nani anaacha hodi bila kuitikia? Na kwenye game hili sauti ya mtu inasikika kutoka upande aliopo. Akaifuata, akarusha bomu nyuma ya ukuta. Kwisha habari yangu.

Niliumia, wakuu. Kumwambia mama mkwe mbuzi hayupo ilikuwa aibu ya mwaka.

Jumapili tumekaa na wali maharage yetu, pikipiki ikasimama nje. Jamaa huyo, na mbuzi mzima! Kauliza duka langu mpaka kafika.

"Mama Neema, si ulisema karibu? Nimekuja. Mbuzi mzima nitamlaje peke yangu?"

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Mama mkwe akamkazia macho. "Wewe ndiye uliyemuua mkwe wangu?"

"Shikamoo mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Haya, shika kisu uchinje."

Nilichojifunza: ukuta unaficha mwili, sauti hauifichi. Ukibana, zima mic.

Ila mimi nitaiacha on. Nyie je, mmewahi kuponzwa na nini mkiwa mmejificha vizuri kabisa? Shusheni hapa.