Binti Yangu Hakupiga Magoti Kuacha Makasia

Binti yangu alijifunza kupiga kafi Ziwa Tanganyika, kwa mama yangu, kila shule ilipofungwa. Huku kwetu Mwazye ni mahindi na ulezi, na watu waliishangaa mikono yake yenye sugu. Alipoitwa timu ya taifa ya makasia nilimshukuru Mungu. Maneno yalianza aliporudi likizo, baada ya kushika mkia katika mashindano yake ya kwanza nje ya nchi.

Shemeji yangu, msemaji wa nyumba tangu mume wangu alipofariki, aliita kikao. Kwetu binti huwapigia wazee magoti. Safari hii alitakiwa apige magoti aseme ameacha makasia, atafutiwe mume.

"Ni kweli mkipiga makasia mnakaa mmeupa mgongo mwisho wa safari?" shemeji alimuuliza.

"Ndiyo, baba mkubwa. Kwa bibi tunatazama mbele. Siku ya kwanza kambini nami nilikaa hivyo, wakanicheka."

"Basi ndiyo maana umekuwa wa mwisho! Na mabega hayo kama ya maksai, nani atakuoa?"

Wazee walicheka mpaka pombe ikamwagika. Binti akaanza kuinama. Nikamshika mkono.

"Simama, mwanangu. Shemeji, wewe unapolima matuta unakwenda kinyumenyume. Nani amekukataza kulima?"

"Shemeji, unanijibu mbele ya kikao?"

"Nakujibu. Akiwasalimu, atapiga magoti. Kukataa kipaji alichopewa na Mungu, hapana."

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe Sumbawanga kupanda basi la kurudi kambini. Shemeji alininunia hadi mavuno. Mimi niliendelea kumsalimu kila Jumapili nje ya kanisa, aitikie asiitikie.

Binti aliishindania nchi miaka mingi. Mara chache alishinda, mara nyingi alishindwa, na kila aliposhindwa alirudi mazoezini. Mgongo ulipochoka akaanza kufundisha wasichana wengine. Hajaolewa.

Mwezi uliopita niliomba Misa ya shukrani. Kabla ya kuingia, mama mmoja wa jumuiya yetu alininong'oneza, "Ongeza na ombi la mume, mama. Bado hajachelewa."

Zamu yangu ya kutaja nia ilipofika nilisema kwa sauti, wasikie hata waliosimama mlangoni: "Namshukuru Mungu kwa binti yangu, mpiga makasia."

Nikaketi. Sikuongeza neno.