Maji Aliyoyamwaga Madumu

Ilikuwa mwaka ule wa nzige. Ah, nasema uongo; nzige walikuja mwaka uliofuata. Huu ulikuwa mwaka upepo ulipoezua paa la shule. Ndio mwaka ambao watu walisema Madumu anajichimbia kaburi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila hata mkewe alikuwa halitumii tena. Kazi yake ilikuwa kuuza maji. Alipakia madumu kwenye baiskeli akaisukuma kutoka mtoni bondeni hadi milangoni kwa watu, shati limemganda mgongoni. Maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai. Watoto wake wawili walikunywa hayohayo, na matumbo yao yalikuwa hayaishi kuuma.

Ndipo likaja shirika moja la hisani. Lilisema wapo watu huko mbali wanaochanga, kila mmoja kidogo chake, ili yanunuliwe mabomba ya kushusha maji safi kutoka chemchemi ya mlimani. Wanakijiji wao wachimbe mtaro, kila nyumba kipande chake. Usipokamilika kabla ya masika, mabomba yatapelekwa kwingine, maana wenye kiu si sisi peke yetu.

Mtaro ulikwenda vizuri hadi mbele ya nyumba ya bibi msuka mikeka, mjane asiye na mtu, aliyekuwa mteja wa kwanza wa Madumu kila asubuhi. Kipande cha bibi kilikuwa jiwe tupu. Sururu zikarudi zimepinda. Watu wakaanza kutegeana, huyu mgongo unamsumbua, yule kafiwa na shemeji ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Madumu angenyamaza tu, bomba lisingefika, riziki yake ingebaki. Wala hakuna ambaye angemlaumu.

Jioni alimweleza mkewe anachokusudia. Mke alikuwa akimenya vitunguu, akatua kisu.

"Baba watoto, bomba likija, sisi tutakula nini?"

Alisema tu kwamba amechoka kuwauzia watu ugonjwa, na wanawe wakiwemo.

Asubuhi akapanga kuni juu ya jiwe, akawasha moto mpaka jiwe likabadilika rangi. Kisha akafungua dumu, lilelile la kuuza, akamwaga maji. Jiwe likalia, likapasuka. Watu walikusanyika wakishika vichwa, kwa sababu hapo kijijini kumwaga maji ilikuwa kama kuchoma noti. Mwenyekiti wa kamati ya mtaro, mtu wa maneno, akamtania.

"Madumu, siku hizi wateja wako ni mawe?"

"Haya hayaniombi nipunguze bei, mwenyekiti. Shika sururu."

Watu wakacheka, lakini mwenyekiti aliishika. Jua lilipopanda, mke wa Madumu akatokea na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua, akachochea moto. Siku baada ya siku Madumu alishuka mtoni na kupanda, akibeba maji ya kumwaga, hadi jiwe likawa kokoto.

Mabomba yalitangulia mvua. Siku ya kufungua, bibi alikinga kikombe, akakichungulia juani akaona mpaka chini, kisha akampa Madumu.

"Kunywa wewe kwanza, mwanangu."

Madumu alikunywa ameinamisha uso, akaenda kusimama nyuma ya baiskeli yake. Mkewe ndiye aliyetoka mbele, ametunisha kifua kama askari, akawaambia wageni wa shirika, mmoja baada ya mwingine: "Yule pale ni mume wangu."

Miezi ya mwanzo walifunga mikanda, nisiwadanganye. Lakini maji yalizaa bustani, bustani zikazaa mboga, na mboga hazina miguu ya kwenda sokoni. Baiskeli ikapata mzigo mwingine. Matumbo ya watoto nayo yakatulia.

Siku ileile ya kufungua bomba, wageni waliuliza kama kuna mwenye swali. Wengine walishukuru tu. Madumu alinyoosha mkono, akauliza lake. Wageni wakatazamana, wakaahidi kuulizia huko walikotoka. Tangu hapo kila anayekuja kukagua bomba, Madumu humwuliza tena, na hadi leo hajajibiwa:

"Hao waliotuchangia, nyumbani kwao nani alikuwa akibeba maji, hata wakaijua kiu yetu?"