Harufu ya Siku Mbili

Saratani ya damu iliponibana, dada yangu mkubwa alifunga duka lake Nansio akanisindikiza hospitali, mbali na Mwanza. Binti yangu wa miaka mitatu tulimwacha Mkolani kwa mama. Dada hakujaliwa mtoto. Nilimwamini kama mkono wangu wa kulia, mjinga mimi.

Madaktari walinitoa chembe changa za damu wakazigandisha, wanirudishie baada ya dawa kali. Siku ya kurudishiwa nilikuwa nasinzia kwa sindano. Chembe zilipoanza kuingia mshipani, koo lilijaa ladha ya kitunguu saumu. Nikatapika, nikatetemeka, presha ikashuka. Mkojo ulipotoka mwekundu nililia. Dada alisogeza kiti hadi mlangoni, akaziba pua kwa kanga.

"Nanuka, dada?"

"Hunuki, mdogo wangu. Lala."

Kesho yake aliondoka, eti duka limekwama.

Siku ya tatu ile harufu ya kitunguu saumu iliisha. Nilimsimulia muuguzi jinsi nilivyoogopa, akashangaa.

"Dada yako hakukwambia? Ni ile dawa inayolinda chembe zisiharibike kwenye baridi. Inatoka kwa pumzi, siku mbili tu. Nilimweleza kabla hatujaanza, tena mara mbili."

Nikasema labda alisahau. Lakini kila nilipopiga simu nyumbani, mama alisema mtoto amelala. Mtoto gani huyo analala saa nne asubuhi?

Niliporuhusiwa kurudi, ndipo mama alipokiri. Dada alifika na habari kwamba nimeoza ndani kwa ndani, nanuka kama maiti, simalizi mwezi. Akamtaka mtoto. Kwetu mama mkubwa ni mama, nani angemkatalia? Mama alimfungia mjukuu nguo kwa mikono yake, akinililia matanga ningali hai.

Nilipanda meli kwenda Nansio na kilemba kwenye kipara, nikiwa na hasira tupu. Dada aliponiona dukani, rangi ilimtoka.

"Nilijua unakufa, mdogo wangu."

"Ulijua ni dawa."

Akaanza kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa. Binti yangu akatokea nyuma ya kaunta, gauni jipya.

"Shikamoo, mama mdogo."

Nilipiga magoti nikamkumbatia. Akabana pua kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa. Kisha akaachia, akaninusa shingoni, akamgeukia dada yangu.

"Mama, mbona hanuki?"