Adabu Yangu ya Mlimani

Sikuwa na adabu. Nilikuwa nimeishiwa pumzi. Ilinichukua miaka mitatu kulikiri hilo.

Njia ya kwenda nyumbani kwa mama yangu, kijijini Kihanga, inapanda kati ya migomba na mibuni. Kwetu mwanamke humsalimia mzee kwa kupiga magoti. Mimi nilikuwa nimeshaacha. Shahada mbili zilinitosha kuwa kisingizio. Kifua kilipoanza kubana, nikairudia desturi kwa bidii ya mlokole mpya. Nikimwona mzee, chini. Akiwa mbali, namsubiri. Namuuliza habari za mke, za kahawa, za mbuzi, mpaka pumzi irudi.

"Chuo hakikumharibu huyu," watu wakasema, na mama akatembea kifua mbele.

Mzee mmoja tu ndiye aliyenitazama vizuri. "Mwanangu, mbuzi umeshamuulizia mara mbili. Unamposa?"

Nikacheka, nikakohoa, nikasema ni vumbi.

Nilipimwa kifua kikuu mara mbili, hakikuonekana. Mwishowe, katika hospitali kubwa mjini, daktari akanionyesha picha: mapafu yalikuwa yanageuka kovu, kidogo kidogo. Ugonjwa wa nadra, hauna tiba. Ila kulikuwa na utafiti wa dawa mpya. Nilisoma fomu ya ridhaa kama mhariri, nikasahihisha koma mbili. Wengine wangepewa dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, na hakuna ambaye angejua kapata kipi. Hata bahati hiyo ya kubahatisha niliitaka kuliko kitu chochote. Lakini kwanza ilibidi kutembea kwenye korido dakika sita bila kusimama kwa kukosa pumzi. Anayesimama, ugonjwa umeshamzidi, na dawa ile ingeweza kumdhuru.

Dakika ya nne kuta zikaanza kusogea. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee na fimbo yake. Nikapiga magoti.

"Mama! Unafanya nini?" akauliza nesi aliyekuwa akinipima.

"Nasalimia. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nilimshukuru Mungu kwa swali hilo. Jibu lake huwa refu. Nesi, mzaliwa wa Muleba, wilaya yenye desturi hiyohiyo, hakuona ajabu. Akaandika kwamba nimesimama kumsalimia mzee.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Nilikuwa katikati ya mwinuko wa Kihanga, peke yangu, bila mtu wa kumsalimia.

"Mama, daktari anaulizia ile dakika ya nne. Kama ilikuwa salamu, unarudia kipimo Jumatatu. Kama ilikuwa pumzi, niambie."

Neno salamu lilikuwa mdomoni tayari. Nikasubiri kifua kitulie ili niliseme vizuri. Hakikutulia.

"Ilikuwa pumzi," nikasema. "Salamu zangu zote zilikuwa pumzi."

Nikasikia akiandika.

"Pole, mama. Basi kwenye utafiti hutaingia. Ila Jumatatu uje tu, tuzungumze habari ya oksijeni. Na uje na mtu wa nyumbani, naye asikie."