Hapana Moja ya Ap Gyembo

Ap Gyembo, maana Ap kwetu ni kama bwana, ni dereva, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi ya kutembeza wageni sikuwahi kumsikia akimkatalia mtu kitu. Sisemi hivyo kumsifu. Mimi ndiye ninayekaa naye kiti cha mbele kutoka Paro hadi Bumthang na kurudi, na mtu asiyejua kukataa ni mzigo barabarani. Polisi akiomba lifti, anapewa. Watawa wakisimama njiani na gunia lao la figili, wanapakiwa, wageni wanabanana, kisha ofisini naulizwa mimi. Nikimgombeza anavua kofia, anaangalia magurudumu, na masikio yanamwiva.

"Ningewaambiaje, Seldon?" husema. "Walishasimama."

Kwetu kukataa kupo, lakini ni adabu tu. Ukiletewa wali unafunika mdomo kwa kiganja, unasema sitaki, nimeshiba, kweli siwezi tena, sahani inajazwa, unakula. Kukataa huko Ap Gyembo anakujua vizuri. Sikukuu moja alikaribishwa nyumba tatu, akafunika mdomo katika kila nyumba, akala katika kila nyumba, na kesho yake gari nikaendesha mimi huku yeye amelala kiti cha nyuma akishika tumbo.

Hata ndoa yake ilikuja hivyo hivyo. Mkewe, Aum Lhadon, hupenda kuisimulia mwenyewe mbele yake, ili amwone anavyohangaika. Wakati ule Gyembo alikuwa dereva wa lori la viazi. Siku ya mashindano ya mishale, wapinzani wakimchezea ngoma na kumzomea kwamba mishale yake inaua panzi tu, baba yake Lhadon alisimama katikati ya uwanja akapaza sauti: "Wewe mtu wa viazi! Utamchukua binti yangu, au utaendelea kuja kula wali wangu bure?"

"Uwanja mzima ukamgeukia," Aum Lhadon husema. "Akaona haya kusema atafikiri kwanza. Mimi namshukuru baba kwamba aliniuliza mimi, hakuuliza dada yangu. Angemchukua pia."

Aliyemlea hivyo ni mama yake, Aum Yangchen, mfumaji wa vitambaa vya sufu katika bonde la Tang. Alimlea peke yake. Siku moja, Gyembo akiwa mtoto, alimnyima msafiri yai lililobaki nyumbani. Mama yake alimchapa, kisha akashuka bonde lote mbio na yai mkononi kumfuata yule msafiri. Aliporudi alimwambia kwamba mgeni akitoka kwetu ameona aibu, aibu ile ni ya mwenye nyumba mpaka kufa kwake. Naamini Ap Gyembo hajalisahau yai lile hata siku moja.

Aum Yangchen alifariki majira ya baridi. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyechanganya majivu yake na udongo, akaufinyanga kwa kalibu ya shaba kuwa vile visanamu vidogo vya mnara wa sala tunavyoviita tsa-tsa, akavikausha na kuvipaka chokaa. Mama alikuwa ameomba awekwe barabarani, mahali atakapomwona mwanawe akipita. Basi Gyembo alivipanga chini ya mwamba ulioinamia barabara, ukishuka kutoka mlimani Yotong La kuelekea Trongsa, pamoja na vya familia nyingine. Tangu hapo, kila tukipita pale alipunguza mwendo na kupiga honi mara mbili, kwa upole, kama mtu anayebisha hodi. Wageni walidhani ni kwa ajili ya kona.

Vuli iliyopita tulimpata mgeni mmoja tu, Bi Margit, mwalimu mstaafu wa chekechea kutoka Ulaya. Sina neno baya juu yake, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa na kiburi ningejua pa kutupia hasira zangu. Lakini alikuwa mtu wa kugawa biskuti, aliyejifunza kutamka Gyembo siku ya kwanza, na aliyekataa kukaa nyuma kama bosi.

Pale mwambani aliomba tusimame apige picha mawingu. Mimi nilipanda mpaka juu ya kona kutafuta mtandao, maana hoteli ya Trongsa ilikuwa haijanihakikishia kama ina maji ya moto. Niliporudi wote wawili walikuwa garini. Bi Margit alikuwa na furaha. Ap Gyembo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele, na njia nzima hakutafuna tambuu, yeye ambaye meno yake yamekuwa mekundu kwa tambuu tangu ujana.

Trongsa tuliletewa wali mwekundu na pilipili za jibini. Bi Margit alikwisha kupanda chumbani. Ap Gyembo alifunika mdomo, mwenye hoteli akajaza sahani, na sahani ikabaki vile vile.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Siumwi."

"Umegombana na Lhadon?"

"Seldon, yule mama amechukua kimoja."

"Kimoja cha nini?"

"Vya pale mwambani."

Nikaweka kijiko chini. "Ameiba?"

"Hakuiba, aliniuliza. Alikiinua hivi, akasema ni kizuri, naweza kuchukua? Nikaitikia kwa kichwa."

"Cha nani, Ap?"

Akaanza kukusanya punje za wali zilizodondoka mezani.

"Ap Gyembo, nakuuliza, cha nani?"

"Kile cha pembeni," akasema. "Cha mama."

Mimi nina mdomo, sikatai. Nilipiga kelele mpaka mpishi akachungulia. "Umemtoa mama yako kama biskuti? Una akili wewe?"

"Punguza sauti, mdogo wangu. Watu."

"Watu gani? Nakwenda kumgongea sasa hivi."

Akanishika mkono wa nguo. Hakuwa amewahi kunigusa kabla ya siku ile. "Ukimwambia atajua alikuwa ameshika majivu ya mtu. Atalia. Atarudi kwao na aibu, na sisi ndio tuliompa. Mama angenichapa."

"Mama yako yumo ndani ya begi la mgeni, Ap!"

"Najua alipo."

Alisema hivyo na uso wake ukaanguka kabisa, nikakaa. Nilimwona ni mzee ghafla. Nikamwambia basi amwombe mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hatujafika Paro na mgeni hajapanda ndege. Asipoomba nitasema mimi, na sitachagua maneno. Akakubali. Angefanya nini? Hajawahi kutokubali.

Kutoka Trongsa hadi Punakha barabara ilikuwa inatengenezwa, mashimo matupu, na gari liliruka siku nzima kama mbuzi. Kila tuliposimama Ap Gyembo alipiga moyo konde. Nilimwona akikaza mkanda wa gho yake, lile joho letu la wanaume, akimeza mate, akienda mpaka mlangoni kwa Bi Margit.

"Madam," alisema, "chai?"

Mbele kidogo: "Madam, choo?"

Pale juu mlimani Pele La aliuzunguka mnara wa sala mara kadhaa, akiuweka kuume kwake kama ipasavyo, midomo ikicheza. Nikajua leo atasema. Akaja moja kwa moja, akavua kofia.

"Madam... baridi?"

Bi Margit akampa biskuti. Alifunika mdomo, akasema hapana kwa mkono ile hapana yetu ya adabu, kisha akaipokea na kuila amesimama kwenye upepo. Nilitamani nimpige na chupa ya chai. Nilitamani pia kulia, maana niliona jinsi biskuti ile ilivyokuwa haishuki.

Asubuhi Punakha aliingia chumba cha kulia amevaa gho yake ya sikukuu, nywele zimelowana kwa maji ya kuchania. Tulikuwa tumeifanyia mazoezi sentensi moja ya Kiingereza uani, mimi nikiwa mgeni na yeye akiwa yeye. Alisimama mbele ya meza. Mimi nilikuwa namimina chai.

"Madam," akasema, "mimi kuomba kitu."

"Ah, bwana Gyembo!" Bi Margit akainuka kwenye kiti. "Heri umekuja, mimi pia nina la kukuomba, nikuombe radhi. Kile kitu chako cheupe kimevunjika. Ile barabara ya jana! Nilipofungua begi nikakuta vumbi tupu, limeingia kwenye nguo zote. Nimelikung'uta, nikalitia kwenye kapu la takataka. Nimesikitika sana, kwa sababu ulinipa wewe mwenyewe."

Nadhani hapo ndipo Bi Margit alipoiona gho ya sikukuu na zile nywele. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, na rangi ikaanza kumtoka usoni.

"Kilikuwa kitu cha maana?" akauliza polepole. "Seldon? Nimefanya kosa?"

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilikuwa nimeshaufungua.

"Hapana, madam," Ap Gyembo akasema.

Aliitamka vizuri, kwa sauti nzima, wala hakufunika mdomo. "Hapana. Udongo tu. Upo mwingi."

Chai ilifurika kikombeni, ikamwagika mezani hadi kwenye vazi langu. Bi Margit akashusha pumzi, akacheka kwa nafuu, akampapasa mkono. Kisha akala yai lake.

Nilipomaliza kufuta meza sikumwona Ap Gyembo. Nilimkuta nyuma ya jiko, kwenye shimo la taka la hoteli, amepiga magoti ndani ya gho yake ya sikukuu. Alikuwa akichambua maganda ya mayai, vikonyo vya pilipili na majani ya chai kwa vidole, punje kwa punje. Nilikuwa nimeshuka na maneno yangu tayari, makali yote. Badala yake nikapandisha kira, vazi langu refu, nikapiga magoti upande wa pili.

Tulipata kipande kimoja kikubwa kama ncha ya kidole, chokaa bado imekishika, na vingine vya kijivu ambavyo sijui kama vilikuwa yeye au majivu ya jikoni. Ap Gyembo alivichukua vyote.

Dirisha likafunguka juu yetu. "Mmepoteza kitu?"

Akasimama, mikono nyuma, akatabasamu kwa meno yake yote mekundu. "Spana, madam!"

Bi Margit akatupiga picha, akatupungia. Na Ap Gyembo, aibu ikimtoka hadi jasho la shingoni, akampungia pia. Picha ile ninayo, alinitumia baadaye. Ukiitazama utadhani tulikuwa na siku njema. Sijamwonyesha Ap.

Dirisha lilipofungwa alikaa chini pale pale kwenye maganda.

"Nimemwita udongo, Seldon," akasema. "Aliyenizaa. Mbele ya watu wanaokunywa chai."

"Ni udongo kweli, Ap. Hata lama husema vimewekwa ili vivunjike."

"Lama anaruhusiwa kusema. Mimi ni mwanawe."

Alivifunga vile vipande katika kitambaa chake cha tambuu, baada ya kukung'uta popoo zote zilizokuwamo, akakitia kifuani ndani ya gho. Kule Paro, Bi Margit alimkumbatia mlangoni pa uwanja wa ndege, akambana kifuani pale pale kilipokuwa kile kitambaa, akasema hajawahi kukutana na watu wema kama sisi. Ap Gyembo aliinama mpaka kofia ikaanguka.

Safari iliyofuata tulikuwa na wageni wengine, mke na mume, wote wamelala. Tulipofika mwambani alizima gari, akashuka peke yake. Nilimwona akichutama na kufungua kile kitambaa. Sikuona midomo yake ikicheza. Alivirudisha vile vipande chini ya mwamba, kisha akarudi akajifuta mikono na kuwasha injini.

Nikataka kumchangamsha, ndio tabia yangu nikizidiwa. "Angalau sasa umejua kusema hapana," nikamwambia.

"Nimeisema mara moja," akajibu. "Umeona niliyemkana."

Gari likaanza kuteremka. Nikangoja. Tukaupita mwamba, mkono wake ukiwa umetulia juu ya usukani.

"Honi, Ap," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Nitampigia kwa uso gani?"

Nilinyoosha mkono nikaibonyeza mimi, mara mbili, kwa nguvu kuliko alivyozoea yeye, na wageni wakaamka wakauliza kuna nini. Ap Gyembo aliwaambia ni kona.